Baada ya Kutoa Mimba: Mwongozo Kamili wa Kutambua Dalili za Hatari Mwilini

Mimba ikishatoka, mwili huvuja damu, huuma na huchoka. Hayo ni ya kawaida, na ndiyo yanayowachanganya wengi, kwa sababu hatari nayo huja kwa damu, maumivu na uchovu. Kinachotenganisha kawaida na hatari ni kiasi, muda na mwelekeo. Je, hali inapungua kadiri saa zinavyokwenda, au inazidi? Ukiweza kulijibu swali hilo bila kubahatisha, utajua wakati wa kupumzika na wakati wa kukimbilia hospitali.

Mwongozo huu ni wa mwanamke aliyetoa mimba kwa vidonge, kwa kusafishwa kizazi au kwa njia nyingine yoyote, na ni wa mtu anayekaa naye pia. Mengi yaliyomo yanamfaa hata ambaye mimba imeharibika yenyewe, maana kizazi huvuja na kuambukizwa kwa namna ile ile. Hapa simhukumu mtu. Nataka uwe mzima.

Kama hali ni mbaya sasa hivi, anzia hapa

Nenda hospitali sasa, usisubiri kukuche, ukiona lolote kati ya haya:

- Unajaza pedi kubwa mbili au zaidi ndani ya saa moja, na hali hiyo imeendelea kwa saa mbili mfululizo.
- Umezimia, au kila ukisimama unaona giza. Unatoka jasho la baridi, moyo unakwenda mbio, midomo imepauka.
- Maumivu makali ya tumbo hayaachii, au tumbo limekakamaa na limevimba.
- Maumivu yako upande mmoja wa tumbo la chini, au unaumwa nchani mwa bega bila kuwa umejigonga.
- Una homa ya nyuzi 38 au zaidi na zaidi ya saa 24 zimepita tangu dozi ya mwisho ya vidonge, au umesafishwa kizazi na sasa una homa.
- Uchafu unaotoka ukeni una harufu mbaya au una usaha.
- Umechanganyikiwa, unapumua haraka, au hujapata mkojo kwa saa nyingi.
- Kuna kijiti, waya, mzizi au kitu chochote kilichoingizwa, au ulimeza kemikali.

Kama hakuna hata moja kati ya hizo, tulia, kisha soma hatua moja baada ya nyingine.

Kwanza, ijue kawaida

Vidonge hufanya kazi kwa kukibana kizazi na kukifungua mlango wake. Mifepristoni, pale inapotumika, huikatia mimba homoni inayoishikilia. Misoprostoli ndiyo inayoleta mikazo. Kwa hiyo damu na maumivu ya kukaza ndiyo kazi yenyewe inayofanyika. Damu kwa kawaida huanza saa chache baada ya misoprostoli, hutoka kwa wingi zaidi mimba inapopita, kisha hupungua. Saa hizo nzito huwa nzito kweli, kuliko hedhi ya siku ya kwanza, na mabonge huonekana. Baadaye damu huendelea kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku 9 hadi 16, na wapo wanaofika mwezi mmoja wakiwa na matone tu. Damu kukatika siku moja na kurudi kidogo siku inayofuata si ajabu.

Misoprostoli yenyewe huleta baridi ya kutetemeka, kuhara, kichefuchefu na joto la mwili kupanda. Dalili hizi huja mapema, ndani ya saa chache, na zinatakiwa ziwe zimekwisha kabla ya saa 24 tangu dozi ya mwisho. Hiyo saa ya 24 iandike mahali, tutairudia.

Aliyesafishwa kizazi huwa na damu kidogo zaidi tangu mwanzo, kwa sababu kilichokuwemo kimetolewa kwa mara moja. Tumbo humkaza kwa siku chache, na matone yanaweza kuendelea kwa wiki moja au mbili. Kwake yeye, damu nyingi zinazoanza ghafla siku ya tatu au ya nne ni jambo la kufuatilia upesi, maana hakutarajiwa kuwa nazo.

Na hili lisemwe wazi, ili hofu isizidi kipimo: njia sahihi zikitumika kwa umri sahihi wa mimba, madhara makubwa huwapata chini ya mmoja kati ya wanawake 100. Hatari hukua pale njia inapokuwa ya kubahatisha, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban asilimia 45 ya mimba zote zinazotolewa duniani hutolewa kwa njia zisizo salama. Hukua pia pale mgonjwa anapochelewa. Njia iliyokwisha kutumika haibadiliki tena, lakini kuchelewa unaweza kukuepuka.

Hatua ya 1: Weka kumbukumbu kwa saa

Mtu mwenye maumivu na usingizi hupoteza hesabu ya muda. Pedi iliyobadilishwa dakika 20 zilizopita huonekana kama ya saa moja iliyopita, na kinyume chake. Kwa hiyo chukua karatasi, au tumia simu, na uandike kila jambo pamoja na saa yake. Uwe na kipimajoto, pedi kubwa za aina moja ili ulinganisho uwe wa haki, simu yenye chaji na salio, na jina la hospitali inayofanya kazi usiku pamoja na namna ya kufika huko. Usafiri utafutwe mapema, damu ikiwa bado haijawa nyingi.

Ukurasa mzuri hauhitaji maneno mengi. Unaweza kuwa hivi: "Saa 11 jioni, dozi ya mwisho. Saa 1 usiku, damu imeanza, maumivu 6 kati ya 10. Saa 2, pedi imejaa. Saa 2 na nusu, pedi imejaa, bonge moja. Saa 3 na dakika 20, nusu pedi. Saa 4 na nusu, robo pedi, maumivu 3." Hata mtu asiyejua chochote cha udaktari akiusoma ukurasa huo ataona kwamba kilele kimepita. Sasa fikiria ukurasa unaosema pedi mbili kati ya saa 2 na saa 3, halafu mbili nyingine kati ya saa 3 na saa 4. Huyo hana cha kujadili, aondoke kwenda hospitali.

Andika pia mara unazokojoa, dawa zote ulizomeza na saa zake, kundi lako la damu kama unalijua, na dawa zinazokudhuru. Saa 24 za kwanza usikae peke yako kama unaweza kumpata mtu unayemwamini.

Hatua ya 2: Ipime damu

Pedi "iliyojaa" ni ile iliyolowa mbele hadi nyuma na upande hadi upande, ukiibonyeza damu inachuruzika. Pedi yenye doa katikati haijajaa, hata kama umeibadilisha kwa sababu umechoka kuwa nayo. Watu wengi hukosea hapa kwa pande zote mbili: mmoja hukimbilia hospitali kwa pedi zenye madoa, mwingine hukaa nyumbani akiwa anajaza taulo ambayo hakuihesabu kama pedi. Ukitumia kitambaa au taulo, kumbuka hubeba damu nyingi zaidi, hivyo usisubiri vitambaa viwili vijae.

Usiipime damu kwa kuangalia choo. Matone machache ndani ya maji hugeuza bakuli zima jekundu. Usitumie tamponi wala kikombe cha hedhi katika siku hizi. Vinaficha kiasi, na ni afadhali kutoingiza kitu ukeni hadi damu kubwa ikatike.

Mabonge ni ya kawaida siku ya kwanza, hasa kwenye vidonge. Bonge kubwa kuliko limau linataka uangalizi, na yakitoka kadhaa ya ukubwa huo, wasiliana na mhudumu wa afya mara moja. Ukilala muda mrefu, damu hukusanyika ukeni, nawe ukisimama asubuhi humwagika yote pamoja. Mmwagiko huo ukiisha ndani ya dakika chache na pedi inayofuata ikawa ya kawaida, si kitu. Ukiendelea, hesabu pedi.

Damu inaweza pia kukatika halafu ikarudi kwa nguvu wiki ya pili, ya tatu au hata ya nne. Mara nyingi sababu ni mabaki ya mimba yaliyobaki ndani, yanayokizuia kizazi kukaza na kuifunga mishipa yake. Kanuni ya pedi mbili kwa saa haina tarehe ya mwisho; inafanya kazi siku ya kwanza na siku ya ishirini na tano. Damu isiyo nyingi kiasi hicho lakini inayotoka kila siku kwa wingi wa hedhi bila kupungua nayo haifai kuvumiliwa. Itakumalizia damu polepole, na dalili zake ni kuhema ukipanda ngazi, moyo kudunda masikioni, kichwa kuuma, na ndani ya kope za chini kupauka.

Zaidi ya pedi, soma mapigo ya moyo. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, hesabu kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa mbili. Fanya hivyo ukiwa umekaa na kutulia kwa dakika chache. Yakizidi 100 na huku damu inatoka, au yanapanda kila unapopima, mwili unafidia damu iliyopotea. Mwanamke kijana mwenye afya anaweza kupoteza damu nyingi akiwa bado anazungumza vizuri, halafu akaanguka ghafla. Ndiyo maana nasisitiza namba. Sura ya mtu hudanganya.

Kuna mambo mawili ya kuepuka. Usijaze kitambaa ukeni ili "kuziba" damu, kwa sababu itaendelea kuvuja ndani usikoiona. Na usiongeze vidonge kwa uamuzi wako mwenyewe ukitumaini vitasafisha. Mhudumu wa afya ndiye atakayejua kama dawa inatosha au kizazi kinahitaji kusafishwa.

Hatua ya 3: Pima joto, na dawa ya maumivu isikudanganye

Kupapasa paji la uso si kipimo. Tumia kipimajoto asubuhi, jioni, na kila unapohisi baridi. Jambo linalosahaulika ni kwamba ibuprofeni na parasetamoli hupunguza maumivu na pia hushusha homa. Ukimeza kila baada ya saa sita na kupima saa moja baadaye, utasoma nyuzi 37 huku maambukizi yanaendelea. Pima kabla ya kumeza, andika, kisha meza.

Sasa turudi kwenye saa ya 24. Ulimaliza misoprostoli saa 11 jioni, na saa 3 usiku una nyuzi 38.3 na unatetemeka: huenda ni dawa, kunywa maji, pima tena. Ukiwa na nyuzi hizo hizo kesho yake saa 2 usiku, hiyo si dawa tena. Homa inayoanza siku ya pili, ya nne au ya kumi ni ya maambukizi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Aliyesafishwa kizazi bila kutumia misoprostoli hana hata kisingizio hicho cha saa 24.

Maambukizi ya kizazi huja na wenzake: tumbo la chini linaloumia ukilibonyeza, maumivu yanayoongezeka siku ambayo yalitakiwa kupungua, na uchafu wenye harufu mbaya. Damu ya kawaida ina harufu yake, kama ile ya hedhi. Harufu ya kuoza hutambulika mara moja, na rangi huwa ya kijani, ya kijivu au ya usaha.

Usianze antibiotiki zilizobaki nyumbani. Zinaweza kushusha homa kidogo na kukuchelewesha. Tena, mabaki yakiwa ndani, dawa peke yake haitoshi. Lazima kilichooza kitoke, na antibiotiki sahihi zitolewe, mara nyingi kwa sindano au dripu. Maambukizi yakiingia kwenye damu, hali hugeuka kwa saa chache: pumzi za haraka, mikono ya baridi au ngozi yenye mabaka, kuchanganyikiwa, mkojo kupungua. Hapo kila saa ina thamani.

Na homa isiwe sharti. Yapo maambukizi adimu sana, ya bakteria wa jamii ya Clostridium, ambayo yanaweza kumlemea mtu bila homa yoyote. Anaumwa tumbo, anatapika, anahara, ana udhaifu usio wa kawaida na mapigo ya haraka, zaidi ya saa 24 baada ya dawa. Mtu anayejiona anazidi kuzama wakati alitakiwa kupata nafuu aende hospitali hata kipimajoto kikisema 36.8.

Hatua ya 4: Yasome maumivu

Maumivu ya kizazi kinachojisafisha huja kwa mawimbi, yapo katikati ya tumbo la chini, na wakati mwingine hushuka mapajani au mgongoni. Hulegea mimba ikishapita. Ibuprofeni hufanya kazi vizuri zaidi ya parasetamoli, ikimezwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo aulize kwanza. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa husaidia sana. Aspirini iache, inaweza kuongeza kuvuja.

Maumivu ya hatari hayaji kwa mawimbi. Yanakaa, yanazidi, na dawa haiyagusi. Ukilibonyeza tumbo taratibu linauma, na ukiuondoa mkono ghafla linauma zaidi. Kukohoa au kugeuka kitandani ni mateso. Kwa aliyesafishwa, hasa kwa vifaa vya chuma au na mtu asiye na ujuzi, hizo zinaweza kuwa dalili za kizazi kutoboka, au hata utumbo kujeruhiwa. Kuvimba tumbo, kutapika na kushindwa kutoa hewa hufuata. Hii ni kazi ya upasuaji, na kuvumilia hakusaidii.

Kuna hali nyingine inayowashangaza watu: maumivu makali yanayoongezeka, na damu karibu hakuna. Hutokea saa chache hadi siku kadhaa baada ya kusafishwa. Damu imejikusanya ndani ya kizazi na haipati njia, na kizazi kinatanuka. Tiba yake ni rahisi na ya haraka, kunyonya damu hiyo, lakini wengi hukaa nayo kwa sababu wameambiwa damu kidogo ni dalili njema.

Mimba iliyotunga nje ya kizazi

Sehemu hii isome taratibu, hasa kama ulitumia vidonge bila kupigwa ultrasaundi. Takriban mimba moja au mbili kati ya 100 hutunga nje ya kizazi, nyingi kwenye mrija wa uzazi. Kipimo cha mkojo husoma "una mimba" kama kawaida. Vidonge vya kutoa mimba haviitoi, kwa sababu vinakibana kizazi, nayo mimba haipo kizazini. Inaendelea kukua hadi mrija upasuke, na damu imwagikie tumboni mahali ambapo hakuna pedi inayoweza kuihesabu.

Ishara ya kwanza inaweza kuwa ukimya. Umemaliza dawa, saa 24 zimepita, na hakuna damu, au yametoka matone tu bila mabonge. Maelezo yanaweza kuwa mawili: dawa haikufanya kazi na mimba ingali kizazini, au mimba iko nje. Usirudie dozi kabla hujachunguzwa. Ishara zinazofuata ni maumivu ya upande mmoja, kizunguzungu kisicholingana na damu kidogo inayoonekana, kujisikia kubanwa na haja kubwa, na maumivu ya nchani mwa bega. Hilo la bega huonekana halihusiani, kumbe damu iliyomwagika inagusa kiwambo cha chini ya mapafu, na mshipa wa fahamu unaopita hapo hupeleka maumivu begani.

Aliyewahi kupata mimba ya namna hiyo, aliyefanyiwa upasuaji wa mirija, aliyeugua maambukizi ya mirija, au aliyeshika mimba akiwa na kitanzi ana uwezekano mkubwa zaidi. Lakini wengi wanaoipata hawana historia yoyote kati ya hizo, kwa hiyo kukosa historia kusikupe usingizi.

Kama kuna kitu kiliingizwa, au kemikali ilimezwa

Nenda hata kama hujisikii vibaya. Kijiti, waya, mrija, mzizi, maji ya sabuni, dawa ya kuulia vijidudu, dawa za malaria kwa wingi, jiki: kila kimoja kina namna yake ya kuua, na kingine huanza kimya kimya. Kama kitu kingali ndani usikivute, maana huenda ndicho kinachoziba mshipa. Kama umemeza sumu usijitapishe. Chukua chupa au pakiti uende nayo. Angalia mkojo: ukipungua sana au ukiwa wa rangi ya chai nzito, figo au damu vimeguswa.

Ulizia chanjo ya pepopunda. Dalili zake, taya kukaza, shingo kushupaa na misuli kukakamaa, zinaweza kuja siku kadhaa hadi wiki tatu baadaye, wakati kila mtu amekwisha kusahau.

Hatua ya 5: Njiani, na ukifika kituoni

Lala chali, miguu iinuliwe kidogo, ufunikwe upate joto. Usiendeshe gari wala pikipiki mwenyewe. Usile, kwa sababu huenda ukahitaji dawa ya usingizi. Anayekusindikiza abebe ile karatasi na aendelee kuandika. Ukizimia, akulaze ubavu na aangalie unapumua. Akiona huitiki unapoitwa, au maneno hayaeleweki, apige simu ya dharura bila kuomba ruhusa yako.

Mapokezini sema jambo zito kwanza. "Nilikuwa na mimba ya wiki nane, imetoka jana, nimejaza pedi nne ndani ya saa mbili na nimezimia mara moja." Sentensi ya namna hiyo inakuvusha foleni. "Tumbo linaniuma" inakuacha kwenye benchi.

Najua hofu kubwa iko hapa: wataniuliza nini, watanifanyia nini? Mkutano wa Kimataifa wa Idadi ya Watu na Maendeleo uliofanyika Cairo mwaka 1994 ulikubaliana kwamba katika hali zote mwanamke apate huduma bora ya madhara ya mimba kutoka, na makubaliano hayo hayakuweka sharti la sheria ya nchi kuhusu kutoa mimba. Kitabibu, damu inayovuja na mabaki hutibiwa vilevile, iwe mimba iliharibika yenyewe au ilitolewa kwa vidonge. Kinachobadilisha matibabu kabisa ni kitu kilichoingizwa, kemikali, na umri mkubwa wa mimba. Hivyo vitatu usivifiche, vinaamua utapelekwa chumba cha upasuaji au la. Taja pia mzio, dawa za kuzuia damu kuganda kama unazitumia, upasuaji wa uzazi uliowahi kufanyiwa, na kama kundi lako la damu ni hasi, maana mimba ikiwa imefika wiki 12 au zaidi unaweza kuhitaji sindano ya kulinda mimba zijazo.

Tarajia kupimwa shinikizo la damu, kuwekewa dripu, kuchukuliwa damu, na pengine ultrasaundi. Mabaki yakiwepo, Shirika la Afya Duniani linapendekeza dawa au kunyonya kwa kifaa cha hewa, si kukwangua kwa chuma. Una haki ya kuuliza ni njia ipi itatumika na kuomba dawa ya maumivu kabla haijaanza. Ukitolewa kwa maneno makali bila kuchunguzwa, na dalili bado zipo, nenda kituo kingine usiku huo huo.

Wiki zinazofuata

Kipimo cha mimba cha kawaida kinaweza kubaki chanya hadi wiki nne, wakati mwingine zaidi kidogo, kwa sababu homoni hutoweka polepole. Kupima siku ya tano hakukuambii kitu. Dalili za mimba, hasa kichefuchefu, hutakiwa kuisha ndani ya siku chache. Zikiendelea baada ya wiki moja, tumbo likikua, au kipimo kikibaki na mstari mzito baada ya wiki nne, chunguzwa. Mimba inaweza kuwa inaendelea, na misoprostoli inaweza kuongeza uwezekano wa kasoro kwa mtoto, hivyo ni jambo la kuzungumza na mhudumu mapema. Mara chache sababu huwa mimba zabibu, yaani mimba isiyo ya kawaida ambayo kondo lake hukua kama vifuko vya maji, nayo huleta damu isiyokoma na homoni isiyoshuka, na inahitaji ufuatiliaji maalumu.

Matiti yanaweza kuuma na hata kutoa maziwa, hasa mimba ilipokuwa imepita miezi mitatu. Vaa sidiria inayobana vizuri, usikamue, yatanyamaza. Titi moja likiwa jekundu, la moto, pamoja na homa, hilo ni la kutibiwa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma nyama ya nyuma, au kifua kikikubana ghafla ukikosa pumzi, ni dharura ya damu kuganda, hata ikitokea wiki ya tatu.

Yai linaweza kupevuka mapema sana, hata siku ya nane hadi ya kumi baada ya vidonge, yaani kabla hata damu haijakauka. Anayehitaji uzazi wa mpango asisubiri hedhi irudi ndipo aanze. Hedhi yenyewe huja kati ya wiki nne na nane. Zikipita wiki nane haijaja, pima mimba kwanza. Kipimo kikiwa hasi, nawe unasikia maumivu ya hedhi kila mwezi bila damu kutoka, mwone daktari wa wanawake achunguze kama kuna makovu ndani ya kizazi au mlango wake umejifunga, hasa kama ulikwanguliwa.